Hadithi ya mikono mingi: namna ya kusoma na kusambaza masimulizi katika kundi la uigizaji wa maandishi

Kundi letu lina watu 19. Wengi wako Kampala, wengine Arua, Busia na Bombo, na wawili wako Bunia, ng'ambo ya Ziwa Albert. Kila mmoja ana mhusika wake katika kijiji cha kubuni tulichokiita Kizinga, kijiji cha wavuvi kando ya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, na karibu kila jioni tunakiendeleza kwa kuandikiana kwenye simu. Wewe unaandika anachofanya na anachosema mhusika wako, mwenzako anajibu kwa mhusika wake, hadithi inasonga. Mwisho wake hakuna anayeujua.

Mwongozo huu ni wa anayeingia katika kundi la namna hii kwa mara ya kwanza. Wageni wengi huja wakidhani kazi ni kuandika tu. Kuandika ni nusu. Nusu ya pili ni kuwasoma wenzako na kujua la kufanya na walichokiandika, na hapo ndipo nimeona makundi mengi yakivunjika.

Hatua ya 1: Kaa barazani kwanza

Ukishaingizwa kundini, salimia, sema jina unalotaka kuitwa, kisha usome kwa siku 3 au 4 bila kumtoa mhusika wako. Usijaribu kuusoma uzi wote tangu mwanzo. Utachoka na utaacha. Anza na muhtasari ambao msimamizi ameubandika juu ya kundi. Kisha rudi kwenye maonyesho 3 ya mwisho, uyasome neno kwa neno. Kisha soma maelezo ya wahusika wawili au watatu ambao wako atakutana nao mapema. Mengine utayajua polepole, kama mgeni anavyoujua mtaa.

Unaposoma, angalia kundi linaandikaje. Je, wanasema "Okello anaingia" au "Okello aliingia"? Posti zao ni za mistari mitatu au za ukurasa mzima? Mazungumzo ya kawaida yanatengwaje na maneno ya wahusika? Sisi tunayaweka mazungumzo ya kawaida ndani ya mabano, ili mtu akiandika "(chaja imekufa, narudi kesho)" asije mtu akadhani ni Nalongo anayezungumza.

Angalia pia Kiswahili chao, na hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili lina uzito kwetu Uganda. Kiswahili chetu kimeingia kwa milango mingi. Kuna aliyekulia Bombo katika familia ya Wanubi, kuna aliyekipata kambini kwa baba askari, kuna aliyekiokota mpakani Busia akipokea chenji ya shilingi za Kenya, na kuna vijana wanaokisoma darasani, hasa tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Wenzetu wa Bunia wana chao. Mmoja wao akiandika "batoto bote bako kwa maji", ameandika sentensi kamili yenye watoto, maji na jua la mchana. Usimsahihishe. Kumsahihisha mtu katikati ya onyesho ni kumkata ulimi mbele ya watu, na kesho hataandika. Kama maana imekupotea, muulize kando, kwa ujumbe wa faragha, na umuulize maana tu.

Hatua ya 2: Weka daftari la nani anajua nini

Daftari la kawaida la karatasi linatosha. Chora safu mbili. Ya kwanza andika "Mimi ninajua", ya pili "Mhusika wangu anajua". Utashangaa jinsi safu ya kwanza itakavyokuwa ndefu.

Nitatoa mfano wa kwetu. Nalongo, mama wa mapacha anayekausha mukene (dagaa), ameficha nyavu za Okello chini ya kichanja chake. Kundi zima tulisoma alipozificha. Mwenye Okello, yaani anayemwandika, naye alisoma. Lakini Okello mwenyewe hajui, na kwa wiki tatu alikuwa akizunguka Kizinga kumuuliza kila mtu kuhusu nyavu zake, akisimama hatua mbili tu kutoka kwenye kichanja. Utamu wote wa hadithi ulikuwa hapo. Kama mwenye Okello angeshindwa kuvumilia, akamwandika Okello "anahisi kitu" na kuinama chini ya kichanja, angeuua utamu ule kwa posti moja. Ulichokisoma si alichokiona mhusika wako. Kila unapotaka kuandika, tupia jicho safu ya pili.

Hatua ya 3: Jibu bila kumshika mhusika wa mwenzako

Mgeni mmoja aliwahi kuandika hivi: "Okello anaingia, anampiga Juma ngumi, Juma anaanguka na kuanza kulia." Posti ilikuwa na nguvu, ila Juma ana mwenyewe. Tulimwomba airudie, akaandika: "Okello anaingia. Ngumi yake inakwenda moja kwa moja kwenye shavu la Juma." Akaacha hapo. Mwenye Juma alipofungua simu baada ya kazi alikuta ngumi bado iko hewani, akaamua Juma ainame, na ngumi ikavunja kioo cha taa. Kutokana na kioo kile tulipata maonyesho matano.

Basi andika tendo la mhusika wako mpaka pale linapomgusa wa mwenzako, ukomee hapo. Posti iishe na kitu cha kushikwa: swali, mkono ulionyooshwa, mlango uliofunguka. Maneno 100 hadi 200 yanatosha kwa kundi linalosoma kwenye simu ndani ya takisi.

Hatua ya 4: Kubalianeni neno la kusimamisha

Kwetu neno ni SUBIRI, kwa herufi kubwa. Mtu yeyote akiliandika, onyesho linasimama pale pale, na haulizwi kwa nini.

Tulilihitaji mapema kuliko tulivyotarajia. Mwenzetu mmoja aliandika onyesho la kizuizi: askari wanaisimamisha mashua ya abiria, na mmoja anafoka, "Simama! Lala chini!" Kwa mwandishi lilikuwa onyesho la kusisimua tu. Ndani ya dakika mbili dada mmoja wa Kampala akaandika SUBIRI. Baadaye alinieleza kando kwamba wazazi wake waliipitia vita ya Luweero ya miaka ya 1980, na kwa muda mrefu maneno yale ndiyo Kiswahili pekee walichokijua nyumbani kwao. Kwa Waganda wengi wa rika lile, Kiswahili kilisikika kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Anayeandika hadithi za Kiswahili hapa nchini lazima alikumbuke hilo, hata kama yeye amekipenda tangu utotoni kwa nyimbo na ngano.

Likiandikwa neno hilo, msimamizi atoe njia tatu: kuliruka onyesho ("Walipofika ng'ambo, hakuna aliyezungumza"), kuliandika upya, au kulifunga kabisa. Aliyesimamisha ndiye anayechagua. Na kama unajua mapema kwamba unachokwenda kuandika kina damu, kifo cha mtoto au kubakwa, weka onyo mstari wa kwanza na uache nafasi kidogo kabla ya kuanza, ili mtu aweze kuacha kusoma kabla hajakifikia.

Hatua ya 5: Rudisha neno kwa aliyeandika

Msimulizi wa jadi hakuanza mpaka aitikiwe. "Hadithi, hadithi!" na watu wajibu, "Hadithi njoo!" Asiposikia jibu alijua wamelala. Kwenye simu hakuna macho ya kutazama. Mtu anaandika saa nzima usiku, anatuma, anaona alama za buluu tu. Baada ya mara tatu anaacha, na hatakwambia sababu.

Kwa hiyo nakili sentensi moja uliyoipenda, uirudishe kwake na useme imekufanya nini. "Pale Nalongo aliposema 'wewe una nyavu?' nilicheka peke yangu, abiria wakanigeukia." Sentensi moja hivyo ina thamani kuliko mioto kumi na makofi ya emoji. Kama una ukosoaji, upeleke kwa faragha na uulize kwanza kama anautaka.

Hatua ya 6: Saa na bando

Mtu akiandika "tukutane saa 9", aliyezoea saa ya Kiswahili au ya Kiganda atakuja alasiri, na aliyezoea saa ya Kiingereza atakuja usiku. Bunia nako wako nyuma yetu kwa saa moja. Andika kwa ukamilifu: "saa 3 usiku, saa ya Kampala".

Kuhusu bando, maandishi matupu ni mepesi mno. Picha za skrini na sauti ndizo zinazokula. Tumeishi na kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018, na tangu Julai 2021 mahali pake kuna kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe, kwa hiyo usimwone mwenzako mvivu akiingia mara mbili kwa wiki. Andika posti kwanza kwenye sehemu ya madokezo (Notes) ya simu, uisome tena, ndipo uitume. WhatsApp inakupa dakika 15 tu za kurekebisha ulichotuma. Na msimamizi aandike muhtasari wa mistari mitano kila Jumapili kwa wale waliokosa wiki. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, waliokuwa na muhtasari kwenye daftari ndio walioendelea kuandika kwa kalamu, na mtandao uliporudi hatukupoteza uzi.

Hatua ya 7: Geuza uzi uwe hadithi ya kusomeka

Baada ya miezi utataka kumsomea mtu wa nje onyesho fulani, na utagundua kwamba uzi mbichi hausomeki. Kuna salamu katikati, kuna habari za chaja, kuna posti mbili zilizopishana. Ni lazima mtu akae auhariri.

Kwanza toa mazungumzo kama faili la maandishi. WhatsApp ina uwezo huo, bila picha wala sauti, na inatoa hadi ujumbe 40,000 wa karibuni. Lifungue faili ukiwa peke yako. Kila mstari utabeba tarehe, saa na jina kama ulivyolihifadhi, au namba ya simu ya mtu kama hukulihifadhi. Kabla hujafanya lolote lingine, futa namba zote, na badala ya majina ya watu weka ya wahusika. Kisha toa kila kilicho ndani ya mabano. Ndipo uanze kuunga.

Huu hapa uzi wetu ulivyokuwa:

Okello anafunga kamba ya mashua kwenye gogo. Anatazama juu. "Leo mwezi hauko. Mukene watakuja."
(samahani nilikuwa kwa boda)
Nalongo anakusanya mukene kichanjani kabla umande haujaanguka. Hageuki. "Watakuja kwa nani? Wewe una nyavu?"
(haha)
Okello anakohoa. "Nalongo, nyavu siku hizi zinatembea."

Na hivi ndivyo nilivyouhariri:

Usiku ule mwezi haukuwepo. Okello alifunga kamba ya mashua kwenye gogo, akatazama juu, akasema mukene watakuja. "Watakuja kwa nani?" Nalongo aliuliza kwa hasira bila kugeuka, mikono yake ikiwakusanya samaki kichanjani kabla umande haujaanguka. "Wewe una nyavu?" Okello alikohoa. "Nalongo, nyavu siku hizi zinatembea."

Nilibadilisha wakati, kutoka "anafunga" kwenda "alifunga", kwa sababu msomaji wa nje anaisoma hadithi iliyokwisha. Maneno ya Okello kuhusu mwezi na mukene niliyageuza kuwa taarifa ili mazungumzo yasijazane. Mengine ya midomoni mwao sikuyagusa, na wewe usiyaguse. Hayo ni ya wenyewe.

Lakini nilifanya kosa, na mwenye Nalongo aliliona mara moja nilipompelekea. Tazama maneno "kwa hasira". Sikuyakuta kwenye uzi, niliyaweka mimi. Alinijibu: "Hana hasira. Anaona aibu, ndiyo maana hageuki." Na kweli, nyavu ziko chini ya kichanja kile kile anachokiinamia. Mimi niliyekuwa nimelisoma onyesho lile mara sita sikuwa nimeliona hilo. Niliyafuta maneno mawili, na onyesho likawa zito mara mbili. Kwa hiyo kila aliyeandika hata mstari mmoja alione andiko lililohaririwa kabla halijaonwa na mwingine yeyote.

Hatua ya 8: Omba ruhusa kabla ya kuitoa nje

Mwaka wa kwanza nilifanya jambo ambalo bado linaniuma. Kulikuwa na binti aliyeandika vizuri mno, na usiku mmoja aliandika onyesho la mapenzi lenye staha na huzuni. Nilipiga picha ya skrini nikaituma kwa kundi la marafiki wangu wa zamani, nikijivuna kwa niaba yake. Sikuwa nimehifadhi jina lake, kwa hiyo namba yake ilionekana wazi juu ya posti. Usiku ule ule wanaume wawili walimpigia, wakimwita kwa jina la mhusika wake. Asubuhi alitoka kundini. Nilimwandikia kumwomba msamaha. Alinijibu "sawa", na hakurudi tena.

Tangu siku hiyo hatutumi picha ya skrini nje ya kundi, hata iwe ya kuchekesha namna gani. Na ruhusa tunaiomba kwa mtu mmoja mmoja, kwa faragha. Ukiuliza mbele ya kundi, "jamani mnakubali?", mwenye haya atakubali kwa kuogopa kuonekana mkorofi. Ujumbe wetu huwa hivi:

"Habari dada. Nataka kulitoa onyesho la kichanja, la Nalongo na Okello, liingie kwenye kijitabu cha wasomaji wa nje. Nimeambatisha nilivyolihariri. Unakubali, hukubali, au kuna kitu kibadilishwe? Jina lako liandikweje? Nasubiri hadi Jumapili jioni. Usipojibu nitahesabu kwamba hujakubali."

Mstari wa mwisho ndio muhimu. Ukimya uwe hapana. Kama mmoja amekataa, ondoa posti zake na uone kama onyesho linasimama bila yeye, lisiposimama, liache. Kama mwandishi hajatimiza miaka 18, mzazi au mlezi naye aulizwe. Na kama kuna uwezekano wa pesa, hata shilingi elfu tano, kubalianeni mgawo kabla haujapatikana, kwa maandishi.

Sheria nayo ipo upande huu. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda maandishi yenyewe, wala si wazo tupu, na inatambua kazi iliyoandikwa na watu kwa pamoja. Kwa hiyo wazo la kijiji cha wavuvi ni la yeyote, ila sentensi za Nalongo ni za aliyeziandika, na onyesho zima ni lenu nyote. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo inahusu namba na majina yale uliyoyafuta kwenye faili.

Hatua ya 9: Chapisha nakala chache

Hii si lazima, lakini ifanyeni angalau mara moja. Sisi tulipanga kurasa 24 kwa simu, tukazipeleka Nasser Road, ambako kila mlango wa pili ni mtambo wa kuchapa, na tukatoa nakala 15 zilizobanwa kwa pini katikati. Ukurasa wa kwanza uwe wa majina: kila mhusika na mwandishi wake, kwa jina alilolichagua mwenyewe, kwa mpangilio wa alfabeti ili asitangulizwe mtu. Andika pia kijiji ni cha kubuni, maana Uganda ina vijiji vingi vya wavuvi na mtu atajiona ndani. Zisomeni kwa sauti mkikutana. Mwenye mhusika asome maneno ya mhusika wake, na asiyekuwepo asomewe na aliyemteua.

Nyuma acheni kurasa mbili tupu. Nakala yetu moja ilikwenda Arua na mwanachama, ikapita kwa shangazi yake, ikarudi baada ya miezi miwili ikiwa na doa la mafuta kwenye jalada. Kwenye kurasa zile tupu shangazi alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wa kulala, onyesho ambamo mmoja wa mapacha wa Nalongo anazivuta nyavu kutoka chini ya kichanja na kumpelekea Okello. Tulimpigia simu kumwomba ruhusa. Alisema tuziweke, ila tuandike "Shangazi wa Arua" na tusitaje jina lake, nasi tukafanya hivyo.